Baiskeli Itapita

Nchi ninayoisimulia haiko mbali, lakini siyo hii yetu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mimi nina familia. Ni nchi nyingine kabisa, yenye watu wengine, na kama msomaji atakutana na barabara inayofanana na ile anayopita kila asubuhi, ajue kwamba barabara zote duniani hufanana, hasa zikishapata mashimo.

Katika nchi hiyo Mtukufu Rais alisafiri kwenda ng'ambo, mji wenye baridi, kuhudhuria mkutano wa kupanga mambo yatakayojadiliwa katika mkutano utakaofuata. Akiwa ndani ya gari aliona kupitia kioo mtu mzima, kavaa suti na tai, anaendesha baiskeli. Mtukufu alisikitika sana. Aliuliza yule maskini ni nani, apewe chochote. Wenyeji wakamjibu kwamba yule ni Waziri wao wa Fedha, anakwenda kazini.

Mtukufu akavuta pazia la kioo. Aliporudi nyumbani, palepale uwanja wa ndege, ngoma hazijanyamaza, alitangaza kwamba na sisi (yaani wao) watakuwa na njia ya baiskeli. Umati ukapiga makofi. Mawaziri nao walipiga, huku wakiyatazama magari yao yaliyopangwa pembeni kwa jicho la wasiwasi.

Ikahitajika sheria. Kamati ya Bunge iliyopewa kazi ya kuiandika ilijifungia katika hoteli moja ya ufukweni, kwa kuwa baiskeli ni jambo linalotaka utulivu, na huko ikagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema neno sahihi ni "baisikeli". Kundi la pili likasema hapana, ni "baiskeli". La kwanza lilisema kuiondoa ile "i" ya katikati ni kuuza utamaduni. La pili likajibu kwamba kuibakiza ni kuirudisha nchi nyuma. Mbunge mmoja alitokwa machozi. Mwingine alimwita mwenzake konsonanti, akatakiwa kufuta kauli. Mwishowe ikapigwa kura, "i" ikashindwa, ikatolewa, na kwa uchovu uliokuwepo hakuna mjumbe aliyeyasoma maneno mengine. Baadaye watu walikuja kusema kwamba ile "i" iliyofukuzwa ilikwenda kujificha kwenye neno la jirani. Kifungu kilisomeka hivi:

"Baiskeli itapita katika njia yake bila kuzuiwa na mtu yeyote."

Bunge lilikipitisha kwa sauti moja, na Mtukufu akatia sahihi kwa kalamu mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kupigiwa picha.

*

Kazi ikaanza mara moja. Barabara ya Uzalendo, ambayo ndiyo barabara kuu ya mji mkuu, ilikatwa ubavu mmoja na ubavu huo ukapakwa rangi ya kijani. Magari yakabanwa upande uliobaki na foleni, ambayo tayari ilikuwa ndefu, ikawa ndefu zaidi. Watu wa mji ule walikuwa na uzoefu na foleni. Kuna wachumba waliofahamiana humo, wakatongozana madirishani, na posa ikapelekwa kabla magari hayajafika mzunguko wa Posta.

Lakini wale wa baiskeli walifurahi. Walikuwa wengi: mafundi, walinzi, wauza mikate, walimu, akina mama wa sokoni. Wengine walitia grisi minyororo, wengine walinunua kengele mpya. Asubuhi ya kwanza wakashuka barabarani kwa mbwembwe, wakakuta njia ya kijani imezungushiwa kamba, na kila baada ya hatua chache kasimama polisi.

Kumbe jana yake Mfasiri Mkuu wa Sheria, Profesa Ngwali, alikuwa amekisoma kifungu. Profesa huyu ni mtu aliyesoma mpaka hakubakiwa na kitabu cha kusoma isipokuwa vile alivyoviandika mwenyewe. Aliita waandishi wa habari, akavaa joho, akanywa maji, akasema:

"Ndugu wananchi, lugha yetu haina mzaha. Baiskeli ikiwa moja, itapita. Baiskeli zikiwa nyingi, zitapita. Bunge letu tukufu lingetaka nyingi, lingeandika zitapita. Bunge limeandika itapita. Tena limeandika njia yake, halikuandika njia yao. Kwa hiyo njia ile ni ya baiskeli moja."

Mwandishi mmoja, kijana mgeni kazini, akanyoosha mkono.

"Profesa, haiwezekani kwamba walikosea tu?"

"Nani alikosea?" aliuliza Profesa kwa upole.

"Walioandika."

"Aliyetia sahihi unamfahamu?"

Mwandishi akasema anamfahamu, na kwamba hakuna aliyekosea, na kwamba swali lile lilikuwa la rafiki yake ambaye kwa sasa hawazungumzi. Ikawa ndiyo hivyo. Kwa kuwa sheria haikuweza kurekebishwa, ilibidi nchi irekebishwe.

"Na hiyo baiskeli moja ni ipi?" aliuliza mwingine, akiwa amekaa karibu na mlango.

"Hilo," alisema Profesa, "liko Wizarani."

*

Sasa nimlete Mwajabu, maana bila yeye hii ingekuwa taarifa ya Serikali.

Mwajabu alikuwa akifua mashuka katika hospitali kubwa ya mji. Nyumbani, mtaa wa Kisiwandege, alikuwa na mtoto wa miezi michache aitwaye Shomari, aliyelelewa mchana na mama yake Mwajabu, Bi Mwaka. Shomari alikuwa mtoto mwenye msimamo. Chupa aliikataa. Kijiko alikitemea. Kikombe alikipiga teke, na maziwa ya ng'ombe aliyatazama kama mtu aliyetukanwa. Alitaka ya mama yake, kutoka kwa mama yake, basi. Kwa hiyo kila mchana, wenzake walipokwenda kula, Mwajabu alipanda baiskeli yake, akakata mji, akamnyonyesha Shomari, akarudi kabla msimamizi hajaanza kuuliza. Kwa basi asingefika. Angefika jioni, na foleni ingemrudisha kesho. Bila baiskeli Shomari hali mchana. Mambo mengine yote utakayoyasoma hapa ni kelele za wakubwa, lakini hilo ndilo jambo lenyewe.

Mchana wa siku ile ya kwanza ya kamba akasimamishwa na askari wa zamu, Koplo Lugendo, mtu mzima mwenye tumbo na filimbi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Shuka. Hii uliyopanda ndiyo ile?"

"Ile ipi?"

"Ile ya kwenye sheria."

"Hii ni yangu, afande. Aliniachia marehemu baba."

"Basi siyo ile. Na kama siyo ile, hairuhusiwi kwenye njia."

"Nitapita huku kwenye magari. Mtoto hajanyonya, afande."

"Huko ndiko kubaya zaidi. Sheria inasema baiskeli itapita katika njia yake. Ukiipitisha nje ya njia yake umeivunja sheria waziwazi, mbele yangu, na mimi naona."

"Sasa ipite wapi, afande?"

Koplo akashusha pumzi. "Dada yangu, mimi sikuulizwa. Mimi nilipewa filimbi."

Jua lilikuwa kali na saa zilikuwa zinakwenda. Mwajabu alihisi maziwa yameanza kulowesha blauzi, akajifunika kwa kanga, akaona haya, na ile haya ikageuka hasira. Akaipiga baiskeli yake kofi kwenye tandiko.

"Na wewe afande, hii nayo unaiita baiskeli? Tandiko limefungwa kwa kamba, breki ni kandambili yangu! Hebu kiangalie kilivyo! Hiki ni kibaiskeli tu!"

Koplo Lugendo akaishusha filimbi. Shuleni alichapwa sana kwa ajili ya ngeli za majina, na kitu ulichochapiwa hakikutoki.

"Umesemaje?"

"Nimesema kibaiskeli."

"Kibaiskeli," alirudia Koplo, taratibu, akitazama juu kama anatafuta kitu angani. "Kibaiskeli kitapita. Vibaiskeli vitapita." Akageuka kushoto na kulia. "Sheria haijasema lolote kuhusu kitapita."

Akainyanyua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Pita, mama. Mtoto asilie."

*

Habari ile ilienea mjini kuliko mafua. Wiki haijaisha, hakukuwa na baiskeli hata moja mji mzima. Vilikuwepo vibaiskeli tupu. Mafundi walifuta vibao vyao wakaandika upya. Ukisimamishwa, ulitakiwa kukitukana chombo chako mbele ya askari ili aridhike kwamba kweli ni ki-. Watu walifanya hivyo kwa moyo wote. "Takataka gani hii!" walisema. "Kinanitia aibu hiki!" Daktari mmoja wa meno, aliyekuwa ameagiza baiskeli ya gharama kutoka ng'ambo, alimwomba fundi aikwaruze kidogo, apate pa kuidharau. Mzee mmoja wa Magengeni alishindwa kabisa. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya tangu ujana wake, anaifuta kila asubuhi, na alipoambiwa aitukane alisema hawezi, imemlelea watoto. Akakamatwa.

Wengine wote walipita. Kijani chote kikajaa kengele na vicheko, foleni ikapungua, na watu wakaanza kufika kazini mapema. Hapo ndipo Serikali ilipochukia. Watumishi walifika ofisini wakakuta milango haijafunguliwa. Wananchi walifika kwenye madirisha ya huduma kabla ya maofisa kupata chai, na kuna ofisi moja ambako mtu alihudumiwa siku hiyohiyo, kwa bahati mbaya.

Waziri wa Njia na Vichochoro, Mheshimiwa Shebe, alitoa waraka. Yeye ni mtu mfupi, mwenye sauti nzito iliyomtangulia kila alikokwenda. Aliusoma mwenyewe redioni.

"Imebainika," alisema, "kwamba kibaiskeli siyo chombo cha aina nyingine. Kibaiskeli ni baiskeli iliyotukanwa. Baiskeli imetajwa katika sheria iliyotiwa sahihi na Mtukufu. Anayeitukana baiskeli ametukana sheria, na aliyetukana sheria, natumaini, anajua amefika kwa nani. Kuanzia leo ni marufuku kibaiskeli, jibaiskeli, mabaiskeli, na kitu chochote chenye magurudumu mawili kilichoegeshwa ukutani kwa nia ya kwenda mahali."

Mchana wa siku hiyo Mwajabu alikamatwa. Koplo Lugendo alitaka kugeuza uso, lakini nyuma yake alikuwa amesimama mkubwa wake, naye mkubwa alikuwa na mkubwa. Wakamweka kituoni mpaka jioni, wakakifungia kibaiskeli. Walipomwachia alikwenda nyumbani kwa miguu, anatembea na kukimbia, kanga mkononi. Alimkuta Shomari amelia mpaka sauti imekauka. Mdomo unafunguka na hakuna kinachotoka.

"Mwanangu," alisema Bi Mwaka, macho mekundu, "huyu leo kanitukana kwa lugha anayoijua mwenyewe. Nimemlambisha maji kwa kidole. Sikuwa na la kufanya."

Mwajabu akakaa kizingitini, akamnyonyesha huku analia. Mimi nimeahidi kusimulia kwa adabu, na nitaendelea kwa adabu, lakini hapo nilipoambiwa hivyo nilikasirika, na hadi sasa nimekasirika.

Kesho yake aliazima baiskeli ya jirani, akakamatwa. Keshokutwa akaazima nyingine, akakamatwa tena. Siku moja moja aliponyoka, Shomari akala. Siku nyingine hakuponyoka. Pale kituoni walimzoea, wakamwekea kigoda chake.

*

Wakati huohuo Wizara iliipata ile moja.

Iliitwa Baiskeli ya Taifa. Ilikuwa na rangi za bendera, vioo viwili na kishikio cha kikombe. Ilipewa jengo lake lenye viyoyozi na Mkurugenzi Mkuu wake. Walikuwepo pia Naibu wa Gurudumu la Mbele na Naibu wa Gurudumu la Nyuma, ambao hawakusalimiana, kwani yule wa nyuma alilalamika kwamba tangu aajiriwe hajawahi kutangulia. Kengele ilikuwa na Msemaji wake.

Kikabakia kitu kimoja. Hakuna katika Serikali yote aliyejua kuendesha baiskeli. Mheshimiwa Shebe alijaribu ukumbini, milango ikiwa imefungwa, na gazeti la Serikali likaandika kwamba Waziri ameikagua sakafu kwa karibu. Profesa Ngwali alijaribu naye, kwa kuwa aliwahi kuandika juu ya mizani katika maisha ya binadamu. Alianguka polepole zaidi, kisomi.

Likatoka tangazo: mwananchi yeyote anayejua kuendesha ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Katika mji ule ambao majuzi tu ulijaa magurudumu, hakukuwa na mtu aliyewahi hata kuigusa baiskeli. Kujua kuendesha ilikuwa sawa na kukiri kosa. Fundi mmoja aliyekutwa na grisi viganjani alisema alikuwa anakula samaki.

Ikabidi Serikali itazame upande wa pili, kwa wale ambao ushahidi wao ilikuwa nao. Alikuwepo mtu mmoja ambaye polisi walikuwa tayari kuapa, tena mara nyingi, kwamba walimwona kwa macho yao akiendesha.

Walimkuta katikati ya mashuka yaliyolowa.

"Wewe ndiye Mwajabu mhalifu?" aliuliza Mheshimiwa Shebe.

"Ndimi."

"Hongera sana. Utaiendesha Baiskeli ya Taifa siku ya uzinduzi."

Mwajabu akakamua shuka lake mpaka mwisho, akalitundika. "Mheshimiwa, mimi mchana nakwenda kumnyonyesha mtoto. Mkinirudishia ile yangu, na ikifika mchana mkaniacha niende, nitawaendeshea hata mbili."

"Bi Mwajabu," alisema Waziri, akiweka mkono kifuani, "hata Taifa ni mtoto."

"Huyo sikumzaa mimi, Mheshimiwa."

Waziri alicheka kwa sababu waandishi walikuwepo. Akaahidi kwamba shughuli ni ya asubuhi tu, na kabla ya adhuhuri atakuwa kwake, neno la Waziri. Mwajabu alikuwa amewahi kusikia neno la Waziri, lakini siku hizo alikuwa tayari kushika chochote.

*

Asubuhi ya uzinduzi Barabara ya Uzalendo ilifungwa. Mahema yalisimamishwa, zulia likatandikwa juu ya kijani kutoka jukwaani mpaka umbali ambao mtoto anayetambaa angeumaliza. Baiskeli ya Taifa ilitakiwa kupita juu ya zulia hilo, ishangiliwe, kisha ipakiwe kwenye lori irudi jengoni mwake, kwa sababu nje kuna vumbi. Redio ilirusha moja kwa moja nchi nzima.

Mwajabu alikalishwa kwenye tandiko, mguu mmoja chini, amevaa sare ya rangi za bendera iliyombana kifuani. Alizungumza Mkurugenzi Mkuu. Alizungumza Naibu wa Gurudumu la Mbele. Wa Nyuma alisusa, akabembelezwa, akazungumza zaidi ya mwenzake. Msemaji wa Kengele alisema kengele haina la kusema kwa sasa. Mheshimiwa Shebe alieleza kwamba nchi tajiri zina baiskeli nyingi kwa sababu hazina moja ya kuaminika. Kisha akasimama Mtukufu mwenyewe, akafungua hotuba yake, na akaanza na siku ambayo binadamu aligundua kitu cha mviringo.

Jua lilipanda likafika utosini. Mwajabu alijua bila kuangalia saa, mwili ulimwambia. Matiti yalimuuma, yakajaa, yakaanza kumwagika, na ile bendera kifuani ikalowa taratibu kutoka katikati.

"Mheshimiwa," alinong'ona. "Mchana umefika."

"Haujafika," alinong'ona Mheshimiwa Shebe bila kugeuka. "Mtukufu hajamaliza."

"Mtoto wangu hajala."

"Mtukufu ndiyo kwanza yuko kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mama. Vumilia."

Mwajabu akavumilia mkokoteni wa ng'ombe. Akavumilia na gurudumu la mfinyanzi. Kwa mbali, nyuma ya mahema, kuna mwanamke fulani katika umati ambaye mwanawe alianza kulia, kile kilio cha njaa ambacho mama yeyote hukijua, hata cha mtoto wa mwenzie, na Mwajabu akafumba macho. Ndipo Mtukufu, aliyetaka tu kuunogesha ukurasa kabla ya kuufunua unaofuata, akainua mkono juu na kunguruma:

"Na leo, ndugu zangu, nasema mbele yenu nyote: baiskeli itapita!"

Mwajabu akaondoa mguu chini.

Alipita zulia lote kabla bendi haijajua ipige nini. Umati ulidhani ndiyo yenyewe, ukashangilia. Zulia likaisha, yeye hakuisha. Kamanda wa Polisi akaruka kutoka kitini.

"Izuieni! Izuieni!"

Profesa Ngwali alikuwa wa kwanza kufahamu, na rangi ikamtoka. "Usithubutu!" alimpigia kelele Kamanda. "Bila kuzuiwa na mtu yeyote! Pana sahihi ya Mtukufu!"

Kamanda akaganda, mkono juu. Polisi wote wakaganda, isipokuwa Koplo Lugendo, ambaye alipiga saluti, akatia filimbi mdomoni, akatangulia mbio kwa hatua chache akifukuza watu njiani kwa furaha, mpaka tumbo likamshinda.

Kijani kiliishia nyuma kidogo ya ofisi za mawaziri. Mwajabu alikata kushoto akaingia mitaani, na hapo ikazuka hatari ya kisheria: Baiskeli inapita nje ya njia yake! Profesa, akihema, akatoa tafsiri palepale kwamba kwa kuwa baiskeli hupita katika njia yake tu, basi popote inapopita ndipo njia yake. Wakaitwa wapaka rangi. Wakamfuata mbio na ndoo zao, wanapaka kijani nyuma ya gurudumu, wakapita nacho sokoni, wakazunguka nacho dimbwi, wakampaka mguu mama mmoja wa chapati aliyekataa kusogea. Magari ya wakubwa yalifuata mpaka mdomo wa kichochoro cha Kisiwandege, yakakwama. Wakubwa wakashuka, wakatembea. Wengine walisimama kidogo kutazama, kwa kuwa hawakuwahi kuuona mtaa huo isipokuwa wakati wa kura.

Mwajabu aliiegemeza Baiskeli ya Taifa ukutani, karibu na kamba ya nguo. Shomari alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukunja ngumi. Akampokea kutoka kwa Bi Mwaka, akakaa kwenye kizingiti, akajifunika kanga, akamweka. Kilio kikakatika palepale.

Mheshimiwa Shebe alifika wa kwanza, anatota jasho, na redio ya upepo ya polisi sikioni. Nyuma yake Profesa, na Manaibu wa Magurudumu, mara hii yule wa Nyuma akiwa ametangulia. Kule jukwaani Mtukufu alikuwa bado amesimama, mkono juu, kwa maana ukurasa uliofuata ulianza na maneno "Kama mnavyoiona hapa mbele yangu". Bila Baiskeli asingeweza kuendelea. Na redio ilikuwa hewani nchi nzima.

"Bi Mwajabu," alisema Waziri, "Taifa linasubiri."

"Karibu, Mheshimiwa. Lisubiri."

"Mtukufu anauliza, mpaka lini?"

"Mpaka ashibe."

Waziri akaipokea habari hiyo kama ilivyo, akaisema kwenye redio ya upepo. Ikafika jukwaani, ikaingia kwenye kipaza sauti, ikatoka vibandani, saluni, gereji na mashambani: mpaka ashibe. Watu waliweka vitu chini wakasikiliza. Katika nchi ile walishaambiwa mara nyingi wasubiri, wakubwa washibe kwanza, na hakuna aliyejua hilo huchukua muda gani.

Wala Mheshimiwa Shebe hakujua. Bi Mwaka alimgeuzia ndoo, Waziri akaketi, akakunja mikono. Baada ya kitambo akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Samahani, mama. Kwa kawaida mtu anashiba baada ya muda gani?"

"Ni yeye mwenyewe, baba," alijibu Bi Mwaka. "Usimharakishe."

Shomari alinyonya upande mmoja. Akahamishwa, akanyonya wa pili. Mwanzoni alimeza kwa kishindo, kisha taratibu, kisha kwa kupumzikapumzika, vidole vikicheza na kanga. Halafu akaachia. Hakuna aliyemvuta, hakuna aliyemwambia. Akacheua, akageuza uso, akamtazama Waziri wa Njia na Vichochoro kwa macho ya usingizi.

Mheshimiwa Shebe akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Mbona ameacha? Yamekwisha?"

"Yapo tele," alisema Mwajabu, akifunga vifungo.

"Yapo?"

"Tele, Mheshimiwa."

"Na hakuna aliyemkataza?"

"Nani amkataze? Ameshiba."

Waziri aliangalia maziwa yaliyolowesha ile bendera, akamwangalia mtoto, akaangalia tena maziwa. Kisha akamvuta Profesa Ngwali pembeni, akamwomba amfasirie hilo neno la mwisho.